Hatua za Kasuku

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia mara mbili, shikamoo tena, maana leo nina sababu ya kuinama kuliko siku nyingine. Mgongo wako unaendeleaje, unakuacha ulale? Shemeji amerudi safari, au bado yuko barabarani na lori lake? Yule mdogo ameota meno mangapi sasa? Na mwanao mkubwa, Kasuku, je, bado anaongea mpaka majirani wanafunga madirisha? Kama barua hii umepewa mlangoni na unaisoma ngazini, nakuomba umalize kwanza kupanda ghorofa zote nne, uweke mzigo chini, ukae. Ni ndefu, na si ya kusomwa mtu akiwa amesimama.

Sisi huku kwa upande wa afya hatujambo. Wifi yako anakuamkia sana. Binti yetu mkubwa ametimiza miaka mitatu na anajiona mwenye nyumba. Mchanga ana miezi saba, mashavu hayo, ukimwona utadhani ndiye anayelisha familia. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine yanafuata huko chini.

Soksi zimefika. Jozi mbili, za sufu nene, na kikaratasi chako ndani kwamba ni za kufunika makovu ya kamba, na kwamba hujawahi kunishukuru inavyostahili kwa kutembea kama mfungwa kwa ajili ya mwanao. Dada, sijazivaa. Ziko juu ya kabati. Wifi yako aliniuliza kama hazinienei, nikamwambia nazitunza kwa ajili ya baridi. Akachungulia nje, jua linawaka, akarudi jikoni.

Na ile habari uliyoandika nyuma ya karatasi, ya Kasuku na ushoroba, nimeisoma mara nyingi mpaka mkunjo umechanika. Kwamba kila jioni akitoka shule anatembea ule ushoroba wa ghorofa yenu, toka mlango wenu hadi kwenye dirisha la mwisho na kurudi, anahesabu kwa sauti. Kwamba anajishikilia ukutani mpaka kiwiko kimechubuka, na akianguka anakataa kuinuliwa, anaanza tena toka moja. Kwamba juzi alifika mia tisa na sitini, na amemwambia kila mtu kwamba akifika elfu moja na mia nne mtahamia ule mji wa mjomba wenye daraja. Ulisema ulicheka ukalia. Mimi sikucheka.

Unanijua, nikiwa na kosa ulimi unakuwa mrefu. Uliwahi kusema hivyo siku nilipovunja kioo cha jirani nikaingia ndani nikikusimulia habari za ndege. Sasa nivumilie nianzie mbali, maana nikianzia karibu nitakimbia.

Unakumbuka siku uliponipa kamba. Mwaka jana, mezani kwako, cherehani umeisukuma pembeni. Daktari alikuwa amekwambia kwamba ule mguu mfupi wa Kasuku hauhitaji kubebwa, unahitaji kutembea, kila siku, mahali pa sawasawa pasipo ngazi wala magari, na kwamba miaka hii kabla hajatimiza tisa ndiyo itakayoamua. Naye ana saba, yuko ghorofa ya nne, shule mabasi mawili, na wewe unamshusha na kumpandisha mgongoni. Ukasema shemeji anaweza kuishi popote lori linapofika, na wewe unaweza kushona popote penye watoto wa shule wanaochana sare. Kinachotakiwa ni mji mdogo, kodi ya kibinadamu, na kila kitu karibu. Na kwa kuwa mimi kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka, leo mji huu kesho ule, ukaniomba niwatafutie.

Nikakwambia karibu ni neno tu, karibu ya nani? Ndipo ukamsimamisha Kasuku sakafuni, ukapiga chaki kisiginoni na kidoleni, ukakata kamba sawa na hatua yake moja. Ukasema nikifika mji wowote niifunge kati ya vifundo vya miguu, nitembee hivyo toka nyumba hadi shule, nihesabu. Ukasema mtu mwenye miguu mirefu akikwambia ni hapo tu, usimwamini. Kasuku akacheka hadi akakaa chini nilipoijaribu pale sebuleni nikajikwaa kwenye zulia.

Miji mitatu ya kwanza nilikuandikia kweli tupu. Ule wa kwanza, wa bei nafuu, ambao nyumba zimepandiana kama vyombo kabatini, na dalali akaniambia kwamba mlima ule mtu akishauzoea unakuwa tambarare. Wa pili, wa maua na vibaraza, ambako mwenye nyumba alinitajia kodi nikamuuliza kama anapangisha au anauza. Wa tatu uliokatwa katikati na barabara kuu, ambako askari alinisimamisha akiuliza nimetoroka jela gani na kamba yangu miguuni. Hayo yote ulicheka, na ulikuwa na haki ya kucheka.

Kisha wa nne. Nilikuandikia kwamba una daraja jembamba, magari yanaishia hapo, mizigo inaingia kwa mikokoteni, na watu wanatembea katikati ya njia bila kugeuza shingo. Nikasema ni mzuri kwa kutazama, lakini nyumba pekee iliyopatikana iko mbali na shule, hatua elfu moja na mia nne, tena njia ya mawe yaliyong'oka. Hata jina la mji sikukutajia. Nilisema hauna haja ya kukumbukwa. Wiki tatu baadaye nikakuandikia kwamba nimepata kazi ya mabango mahali pengine na tumehamia huko.

Huko ndiko niliko sasa, na habari zake nimekuwa nikikupa kidogo kidogo, kama mtu anayekula huku amegeukia ukuta. Leo nikupe zote. Nyumba ni vyumba viwili na jiko, mlango wa buluu, kizingiti kimoja tu cha kuingilia. Mawe ya njia yamelala sawasawa kama sahani zilizopangwa. Wifi yako anatoka asubuhi na mtoto mmoja mkononi na mmoja mgongoni, anapita kwa mwoka mikate, anapita zahanati, anarudi kabla chai haijapoa. Binti yetu, ambaye kule tulikokuwa neno lake la kwanza lilikuwa mlio wa mashine ya fundi wa kuchomelea vyuma, sasa anaimba. Wifi yako amenenepa. Amekuwa mtu wa kucheka ovyo ovyo. Aliniambia siku moja kwamba hakujua nyumba inaweza kumpumzisha mtu.

Mwenye nyumba ni mama mmoja mtu mzima, mkunga aliyestaafu, nusu ya mji huu ameishika kwa miguu ikitoka tumboni, na wote wanamwita Mama Mkunga. Anakaa mlango unaofuata. Wiki iliyopita alimwita seremala, wakaweka ubao mrefu wa kushikia ukutani, toka mlango wetu hadi kona ya njia ya shule. Ameupiga msasa mwenyewe usiwe na vibanzi. Alikuja kuniuliza uwe kimo gani. Nikamwonyesha kwa mkono, hapa, usawa wa mbavu zangu za chini. Seremala akapima, akaandika.

Kisha akaniletea kopo la rangi nyekundu, akasema mimi ni fundi wa maandishi, basi niandike jina la mtoto pale mwanzo wa ubao, ili akifika ajue ni wake.

Dada, mkono huu umeandika mabango ya wauza nyama, vinyozi, maduka ya dawa, na mara moja kanisa na baa kwa siku moja bila kuchanganya. Siku ile ulichovya brashi mara tatu kabla ya herufi ya kwanza. Niliandika KASUKU. Mama Mkunga akataka na ndege mdogo pembeni, nikachora. Akarudi nyuma akatazama, akasema vizuri, sasa aje.

Mji huu ndio ule wa nne. Nyumba hii ndiyo ile. Si hatua elfu moja na mia nne. Nilikudanganya.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Nilivuka daraja lile asubuhi, kamba miguuni, nikitembea kama kuku aliyefungwa kwenda sokoni, na Mama Mkunga alikuwa barazani. Akaniita akauliza ni nani aliyenifunga. Nikamweleza habari za Kasuku, mguu, ghorofa, daktari, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua fimbo yake akatembea na mimi, akihesabu kwa sauti yake, mimi kwa yangu, ili tusipunjane. Tulipofika lango la shule namba zetu zililingana. Akaniambia nyumba hii wameitaka wengi wenye pesa nzuri, wa kuja kupumzika mwisho wa wiki na kuondoka, na amewakatalia. Akasema mtoto huyo ndiye mpangaji anayemtaka. Akataja kodi, nikadhani nimesikia vibaya. Nusu ya kodi, dada. Nusu, kwa sababu ya mguu wa mwanao.

Naapa nilipopanda basi la kurudi nilikuwa nakutungia barua ya furaha. Nilikuwa nacheka peke yangu, jirani yangu kwenye kiti akajisogeza.

Nilipofika nyumbani, unakijua chumba kile, ulikuja mara moja ukaondoka na kichwa kinakuuma. Wifi yako alikuwa amekaa kitandani, mimba ya miezi mitano, mtoto mapajani na pamba masikioni. Cheche ya fundi wa chini ilikuwa imeruka dirishani mchana ule ikatoboa blanketi la mtoto. Tundu dogo, kama la sigara. Hakulalamika. Aliniuliza tu mji huu wa leo ukoje. Nikamweleza. Nikaeleza daraja, mikokoteni, mlango wa buluu. Akasikiliza macho yamefumba, halafu akasema Mungu ni mwema, sasa dada atapumzika. Alikufurahia wewe, dada, akiwa amelishika lile blanketi.

Mimi nikachukua kalamu. Nikaandika hatua, nikaandika mia tatu, nikaitazama. Nikaichana karatasi. Nikaanza nyingine nikaandika elfu moja na mia nne. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, hakuna aliyenishika mkono. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuandika bango la kinyozi.

Baada ya hapo uongo ukawa kama rangi ya mafuta, ukipaka mkono wa kwanza lazima upake wa pili. Wifi yako nilimwambia kwamba umeukataa mji kwa sababu shemeji anataka kukaa karibu na gereji ya lori. Mama Mkunga nilimwambia sisi tumetangulia kuandaa nyumba, mtoto anakuja akimaliza matibabu. Kila mwezi anauliza, mtoto lini? Kila mwezi nampa sababu. Mara daktari, mara mitihani, mara wewe una mafua. Nimekuuguza mafua manne, dada, na mara moja nimekuvunja kidole.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miezi kumi na moja, na nilishaanza kuamini kwamba wahenga nao wanakosea. Ndipo soksi zako zikaja, wiki ile ile ya ule ubao. Nikasoma kwamba mtoto anatembea gizani akichubuka kiwiko kufikia namba niliyoitoa kichwani mwangu. Nikatoka nje na karatasi mkononi, nikakuta binti yangu amejishika kwenye ule ubao, anautembelea, mikono juu kwa sababu haumfikii vizuri. Haumfikii kwa sababu si wake. Nikakaa chini pale pale kizingitini.

Nilimwambia wifi yako kwanza. Nilidhani atapiga kelele, na ningeshukuru. Akasema tu kwamba kwa miezi kumi na moja, kila anapofungua dirisha asubuhi, amekuwa akikushukuru moyoni kwa kuikataa nyumba hii. Akaenda akaanza kushusha mapazia. Nikamwambia hajatufukuza mtu bado. Akasema yeye amejifukuza. Tangu siku hiyo anasema nami mambo ya watoto tu.

Jana asubuhi tukaenda kwa Mama Mkunga wote wawili. Alikuwa anachambua mchele. Nilisema yote, hata mafua. Hakuinua macho, alimaliza sinia lake. Kisha akasema kwamba katika kazi yake amesikia watu wakisema mengi kwa uchungu, wengine wamemtukana, wengine wamewakana waume zao, na hakumwekea yeyote kinyongo, kwa sababu uchungu ni uchungu. Lakini mimi, akasema, sikuwa na uchungu wowote. Nilikuwa nimestarehe.

Akasema nyumba ni ya Kasuku toka siku ile ya kamba. Sisi tukae hadi mwisho wa mwezi, kwa ajili ya mchanga, si kwa ajili yangu. Akaniagiza niandike barua hii leo, na akasema ataipeleka posta yeye mwenyewe kwa fimbo yake, maana mkono wangu hauamini tena. Ninavyoandika hivi amekaa hapo barazani anaisubiri. Amekwisha kohoa mara mbili.

Tumepata chumba ng'ambo ya daraja, pale malori yanaposhushia mizigo. Kina makelele, lakini makelele tumezaliwa nayo. Usituonee huruma, na usimwachie wifi yako nyumba kwa moyo wako ule ninaoujua. Yeye mwenyewe amesema hataingia tena mlango ule mpaka afunguliwe na wewe. Mimi sikuombi msamaha katika barua hii. Ulinilea mama alipotutoka, ulijinyima mangapi wewe ukala nini, hata sijui, sikuwahi kuuliza. Nikikuomba msamaha leo utanipa kesho, nakujua, na utakuwa umenibeba mgongoni tena na mgongo wenyewe unauma. Ukae na hasira yako kwanza. Ni haki yako. Nitakuwa darajani siku lori la shemeji likifika, nitapakua vyombo vyenu kwenye mkokoteni, na kama hutaki kuniona nitapakua na kuondoka.

Ndani ya bahasha kuna ufunguo. Mama Mkunga ameufunga kwa ile kamba, alinidai nimpe. Msalimie shemeji, mwambie nitamtazama usoni akinipa nafasi. Mbusu mdogo. Wifi yako anasema hana salamu nyingine ila machozi, na kwamba dirisha la chumba cha watoto hulegea, lifungwe kwa kusukuma juu.

Na Kasuku, nakusihi, nenda kwake sasa hivi kabla hujakunja karatasi hii. Kama yuko ushorobani, msimamishe. Nimefunga kamba tena leo asubuhi, mchana kweupe, mji mzima ukiniona, na Mama Mkunga nyuma yangu akihesabu. Toka mlangoni hadi lango la shule ni mia tatu na kumi na mbili. Mwambie alishafika, dada. Mwambie alishafika siku nyingi, mjomba ndiye aliyemficha.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda